Magari ya misuli ya Essen hayakuharibiwa

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii kwamba Wajerumani wanayaharibu magari ya zamani ya Kimarekani kwa kuyashusha hadi yakaribie kugusa lami, kuyafunga injini ambazo hayakutoka nazo kiwandani na kuyapaka rangi zisizo na heshima, na akahitimisha kwamba maonyesho ya kila mwaka ya mjini Essen ni makaburi ya magari hayo. Mimi ni fundi wa magari, naishi Duisburg, ambako Essen si mbali kwa treni, na maonyesho hayo nayafahamu. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, kwa sababu naona ameyahukumu magari hayo kwa kutazama picha bila kuuliza yalizaliwa vipi.

Magari ya misuli, yaani yale ya milango miwili yaliyowekewa injini kubwa ya V8 (silinda nane zilizopangwa kama herufi V) na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kuimudu, yalianza kwa ujanja wa kukwepa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Motors ilikuwa imekataza magari yake ya ukubwa wa kati kufungwa injini inayozidi takriban lita 5.4. Wahandisi wa Pontiac, tawi la kampuni hiyo, akiwemo John DeLorean, walichukua injini ya lita 6.4 iliyokuwa ya magari makubwa zaidi, wakaipachika kwenye Tempest, gari la kawaida la familia, na ili wakubwa wasiwe na la kusema hawakuitangaza kama toleo jipya la gari, bali kama kifurushi cha nyongeza ambacho mnunuzi alikichagua kwa kulipa chini ya dola 300. Ndivyo ilivyopatikana Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa baba wa jamii nzima ya magari haya. Kwa maneno mengine, gari hilo analolihesabu msomaji mwenzangu kuwa asilia lilikuwa tayari limebadilishwa injini kabla halijatoka kwenye lango la kiwanda.

Hali ni hiyo hiyo kwa Ford Mustang. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika maonyesho ya dunia ya New York, na chini ya bodi ile nzuri yenye boneti ndefu palikuwa na viungo vya Ford Falcon, gari dogo la bei nafuu la kwendea kazini na sokoni. Kilichowavuta wanunuzi, pamoja na umbo, ni orodha ndefu ya vitu vya kuchagua: injini ya silinda sita au nane, giaboksi ya mkono au ya kujiendesha, breki za namna hii au ile, viti, rimu, mistari ya rangi ubavuni. Mustang milioni moja ziliuzwa katika muda usiofika miaka miwili, na kwa kuwa kila mnunuzi alijichagulia yake, haikuwa rahisi kukuta mbili zinazofanana kwa kila kitu. Mwaka 1965 Carroll Shelby wa California alizichukua baadhi, akazikaza springi, akazitoa viti vya nyuma, akaziongezea pumzi injini na kuziuza kwa jina la GT350. Huko Pennsylvania muuzaji wa magari aitwaye Don Yenko alijulikana kwa Chevrolet Camaro, mshindani wa Mustang, alizozifunga injini ya lita 7, ambayo kwa kawaida haikuwamo katika orodha ya gari hilo. Leo magari ya Shelby na Yenko ndiyo yanayogombaniwa minadani kuliko ndugu zao waliobaki kama walivyotoka kiwandani. Namuuliza msomaji mwenzangu: hao nao waliharibu?

Enzi hiyo haikudumu. Makampuni ya bima yalianza kuwatoza vijana ada kubwa kuliko malipo ya gari lenyewe, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, na mgomo wa mafuta wa Waarabu ulipoanza Oktoba 1973 hapakuwa tena na mtu mwenye hamu ya injini inayokunywa petroli bila kiasi. Mustang iliyotolewa kwa mwaka 1974 haikupatikana kabisa na V8 nchini Marekani. Jina lilibaki, nguvu zikaondoka, na waliotaka nguvu wakarudi kwenye gereji.

Ujerumani magari haya yalifika kwa njia nyingi, na mojawapo ni askari wa Marekani waliokuwa kwenye kambi za kusini na magharibi mwa nchi baada ya vita, ambao walikuja na magari yao na wengine wakayauza hapa hapa muda wao wa utumishi ulipokwisha. Kuna kisa ambacho wenyeji wa Essen hukisimulia kwa kicheko. Essen ni mji wa Krupp, kampuni ya chuma iliyotengeneza mizinga, reli na baadaye malori, na Krupp ilikuwa na haki ya jina Mustang nchini Ujerumani kwa ajili ya magari yake ya mizigo. Kwa sababu hiyo Ford ililazimika kuiuza Mustang katika nchi hii kwa jina la T-5, tangu miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1970, na nembo zenye jina halisi ziliondolewa. Leo ukiingia katika kumbi za maonyesho za mji huo huo unakuta safu ya Mustang zimeandikwa jina lao ubavuni kwa herufi za kung'aa, na wakusanyaji wanaotafuta zile chache zenye nembo ya T-5 wako tayari kulipia zaidi.

Maonyesho yenyewe yalianza mwaka 1968 na hufanyika mwishoni mwa Novemba hadi siku za kwanza za Desemba. Magari ya Kimarekani si mengi humo. Volkswagen, BMW na Audi ndizo zilizojaa, na magari ya Kijapani yana mashabiki wake. Hata hivyo msongamano wa watu huonekana palipo na V8, hasa katika ukumbi ambao watu binafsi, wengine mafundi wa kawaida kama mimi, huonyesha magari waliyoyatengeneza kwa mikono yao. Huko ndiko ningependa msomaji mwenzangu angesimama kwa muda, akaacha mabanda ya makampuni yenye wasichana na muziki wa kupasua masikio.

Angeliona, kwa mfano, taa za nyuma za Mustang ya 1967. Gari hilo lina taa tatu za kusimama kila upande, zote nyekundu, na huko Marekani taa hizo hizo za breki ndizo zinazowaka na kuzima kama indiketa. Kanuni za Ulaya zinataka indiketa ya nyuma iwe na rangi ya machungwa, ili dereva wa nyuma asiichanganye na breki. Mtu asiyejali huchukua taa ya trela, akaifunga chini ya bampa kwa skrubu mbili na kumaliza. Mwenye Mustang niliyoitazama kwa karibu alikuwa ameigawa ile taa kwa ndani: pande mbili za pembeni zimebaki nyekundu, ya katikati imewekewa taa ya rangi ya machungwa nyuma ya kioo kinachoonekana chekundu mpaka pale inapowaka. Waya zake za ziada zilipita ndani ya buti zikiwa zimefungwa kwa kitambaa cheusi kama zile za kiwandani, wala hapakuwa na tundu jipya hata moja lililotobolewa kwenye bodi. Nilichuchumaa nyuma ya gari lile kwa muda mrefu kuliko niliosimama mbele ya injini yake, ingawa injini yenyewe ilikuwa imefungwa supachaja, kipulizio cha kuisukumia hewa zaidi, ya kuvutia.

Karibu nayo palikuwa na Chevrolet Camaro ya 1969, ya kijivu kisicho na mng'aro, na hiyo ndiyo aina ambayo msomaji mwenzangu angeilalamikia zaidi. Injini yake ya zamani ya kabureta ilikuwa imetolewa na nafasi yake kuchukuliwa na V8 ya kisasa ya aluminiamu ya kampuni hiyo hiyo ya Chevrolet, yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta. Giaboksi ilikuwa ya gia sita. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki za diski zilizojaa rimu. Na matao ya ndani ya magurudumu ya nyuma yalikuwa yamepanuliwa kwa kukatwa na kuchomelewa upya ili tairi pana iingie bila kutoka nje ya bodi. Kazi ya kuchomelea ilikuwa safi kiasi kwamba nililazimika kupitisha kidole ndipo niipate alama ya maungio. Kwa nini mtu afanye yote hayo? Kwa sababu Camaro ya wakati ule ilitoka na breki za ngoma kwa magurudumu yote, isipokuwa mnunuzi awe amelipia diski za mbele, na ekseli ya nyuma ilikaa juu ya springi za majani, wakati katika barabara kuu za Ujerumani kuna sehemu ndefu zisizo na kikomo cha mwendo ambako gari la kawaida la kampuni hukupita kwa kilomita 180 kwa saa bila dereva wake kuacha mazungumzo. Kuiingiza Camaro isiyoguswa katika barabara hiyo ni ujasiri ambao mimi sina. Aliyeibadilisha ameiwezesha kuishi mahali ilipo.

Jambo ambalo picha haziwezi kulionyesha ni makaratasi. Chini ya kifungu cha 19 cha kanuni za Ujerumani za kuruhusu magari barabarani, gari hupoteza kibali chake cha kutembea endapo limebadilishwa kwa namna inayoligeuza kuwa gari la aina nyingine, inayoweza kuhatarisha watu, au inayozidisha moshi na kelele. Hivyo rimu, springi, usukani, bomba la moshi, vyote hivyo ama viwe na hati ya mtengenezaji iliyokubaliwa, ama gari lipelekwe kwa mkaguzi wa TÜV, Dekra au shirika jingine lenye idhini, alikague lenyewe peke yake na kuyaandika mabadiliko kwenye hati zake. Kwa gari kama ile Camaro, ambayo hakuna kitu chake kilichowahi kuidhinishwa Ulaya, mkaguzi hutaka kujua chuma kilichotumika, nani alichomelea, breki zinasimamisha gari kwa umbali gani, na kelele ni kiasi gani gari likiwa limesimama na injini kuvutwa moto, kwa kuwa kiasi hicho huandikwa kwenye kadi ya gari na polisi anaweza kukipima barabarani. Wenye magari wengi huja Essen na faili nene lenye picha za kila hatua, na mtu akiwauliza habari za injini hulifungua faili kwanza. Wizara ya uchukuzi ya Ujerumani na chama cha makampuni yanayobadilisha magari wana hata kampeni yao ya pamoja ya kuhimiza mabadiliko salama, na mwaka 2016 gari lao la maonyesho mjini Essen lilikuwa Ford Mustang GT yenye nguvu za farasi 455, iliyopakwa rangi za polisi pamoja na taa zake za buluu. Serikali inayotaka kuufuta mchezo huu isingeuwekea gari la namna hiyo mlangoni.

Msomaji mwenzangu anayependa gari libaki kama lilivyozaliwa naye hakusahauliwa. Tangu mwaka 1997 Ujerumani ina namba maalumu zenye herufi H mwishoni, kwa magari yenye umri wa miaka 30 na zaidi yaliyotunzwa katika hali yake ya asili. Mwenye namba hiyo hulipa kodi ya euro 191 na senti chache kwa mwaka, iwe injini ni ya lita moja au lita nane, na anaruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji ambayo magari ya moshi mwingi yamekatazwa. Bila H, gari la zamani lenye injini ya lita 7 lisilo na kifaa cha kusafisha moshi hutozwa zaidi ya euro 1,700. Na bado namba hiyo haikatazi mabadiliko yote: yale yaliyofanywa wakati gari lilipokuwa jipya, au ambayo yangeweza kufanywa katika miaka yake kumi ya kwanza, hukubaliwa. Kwa hiyo Dodge Charger ya 1969 iliyofungwa kabureta kubwa na rimu za siku hizo inaweza kuwa na H, lakini ile Camaro ya kijivu haiwezi, na mwenyewe alilijua hilo kabla hajashika msumeno.

Yapo mambo ambayo namuunga mkono msomaji mwenzangu bila kusita. Sipendi kutu ya kuchora kwa brashi juu ya bodi nzima isiyo na ugonjwa, ili gari lionekane limeokotwa shambani. Sipendi tairi iliyovutwa juu ya rimu pana kuliko kimo chake hadi kingo zake zimelala, maana hapo mtu amechezea kitu pekee kinachomshika barabarani. Na gari ambalo ni moja kati ya machache yaliyobaki, tuseme Plymouth au Dodge iliyotoka kiwandani na injini ya V8 iitwayo Hemi ya lita 7, yenye namba za injini na bodi zinazolingana, mimi kwangu lisiguswe kabisa. Yapo maganda ya kutosha ya magari yaliyokuwa na silinda sita ambayo mtu anaweza kuyakata apendavyo. Kuhusu magari yanayolala sakafuni, nadhani alidanganywa na picha: mengi hukaa juu ya mifuko ya upepo, na mwenyewe akibonyeza kitufe gari huinuka hadi kimo cha kawaida na kuondoka zake.

Lakini tusisahau pia kwamba wakati wenyewe umebadilika. Dodge ilimaliza kutengeneza Challenger na Charger za V8 mwishoni mwa mwaka 2023, Camaro nayo ikafikia mwisho wakati huo huo, na Charger mpya ya umeme imefungwa mitambo ya sauti ya kuigiza mlio wa bomba la moshi, jambo ambalo mimi naliona ni kichekesho ingawa najua wapo waliolipenda. Kati ya Mustang, Camaro na Challenger, yale matatu yaliyokuwa yakishindana, Mustang pekee ndiyo bado inauzwa ikiwa na V8. Yaliyopo basi yataendelea kufunguliwa, kubadilishwa viungo na kurudishwa barabarani, au yatakwisha.

Kwako Mhariri, nina ombi. Kila mwaka magazeti yetu yakiandika kuhusu maonyesho ya magari huandika bei, nguvu za farasi na majina ya matajiri. Vijana wanaonyoosha bodi na kupiga rangi Gerezani jijini Dar es Salaam, au wanaounda matatu za kupambwa jijini Nairobi, wana ufundi wa kuchomelea na wa rangi ambao nauthamini kwa dhati, na wangenufaika zaidi kusoma jinsi kazi ya namna hiyo inavyokaguliwa na kuandikwa kuliko kusoma bei ya gari wasiloweza kulinunua. Tena V8 za Kimarekani si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa: katika Safari Rally ya mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta kikosi cha Mercury Comet kutoka Marekani, zilizotayarishwa kwa gharama kubwa, na matope na mashimo ya Afrika Mashariki yakazishughulikia, nyingi zisifike mwisho, huku ushindi ukienda kwa Ford Cortina ndogo ya Uingereza. Mafundi wa bodi na springi wa wakati ule wangekuwa na mengi ya kuwaambia wahandisi wa Detroit.

Mwisho, wapo watakaouliza kama gari la namna hii linaweza kufika nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, wala haisajili kwa matumizi ya kawaida gari lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo magari yote ya miaka ya 1960 niliyoyataja hayamo, na Challenger ya karne hii haimo vilevile, kwa kuwa haikutengenezwa na usukani wa kulia. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, na umri ukiongezeka ushuru nao huongezeka. Inayobaki ni Mustang ya toleo la mwaka 2015 na kuendelea (kwa Kenya, ile tu ambayo haijazidi umri huo wa miaka minane), ambayo kwa mara ya kwanza katika historia yake ilitoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, na ambayo huuzwa Uingereza. Mwenye nia aanzie kutafuta huko, na kabla hajatuma fedha aangalie kumbukumbu za ukaguzi wa gari hilo, ule wa kila mwaka uitwao MOT unaoanza gari likifikisha miaka mitatu, kwa sababu humo huandikwa kilichokutwa na kasoro pamoja na umbali ambao gari limetembea. Na kama limeshushwa au kubadilishwa bomba la moshi, amwombe muuzaji risiti ya vifaa na jina la gereji iliyovifunga. Asipopewa, atafute jingine.

Msomaji wako na fundi wa magari,
Duisburg, Ujerumani